Kuchagua Bolti Zisizoshika Kutu kwa Gari la Kujiundia: Mwongozo Kamili kwa Mjenzi wa Nairobi

Anayejiundia gari nyumbani, awe amenunua seti ya vipande kutoka ng'ambo au amechomelewa fremu na fundi wa Kariobangi Light Industries, atatumia mamia ya bolti, nati, washa, skrubu na riveti kabla gari halijakanyaga barabara. Vitu hivi vidogo ndivyo vinavyonunuliwa kwa haraka zaidi. Injini hutafutwa kwa miezi, rangi hujadiliwa na nyumba nzima, lakini bolti huagizwa dakika za mwisho kwa maelezo mafupi kwamba ziwe za kung'aa na zisishike kutu. Agizo la namna hiyo ni la hatari, kwa sababu bolti isiyoshika kutu iliyofungwa mahali pasipoifaa inaweza kukatika pale ambapo ile ya kawaida yenye kutu kidogo ingeendelea kushika. Uchaguzi una mpangilio wake: kwanza ujue bolti inabeba mzigo gani, kisha inagusana na metali gani, kisha inalowa vipi na kukauka vipi, na baada ya hapo ndipo uulize imetengenezwa kwa chuma gani na imepakwa nini.

Kutu ya Nairobi ni ya namna gani

Maandishi mengi kuhusu magari ya kujiundia yametoka Uingereza, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi ili barafu isigande juu ya lami. Mjenzi wa huko hupigana na chumvi kila mwaka, na ndiyo maana hupenda kujaza gari lake chuma cha pua, yaani chuma kisichoshika kutu kirahisi, kila mahali. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, Mombasa iko mbali kiasi cha kilomita 480 kwa barabara, na hakuna anayemwaga chumvi kwenye Thika Road. Bolti ya chuma cha kawaida iliyopakwa zinki vizuri huishi muda mrefu zaidi hapa kuliko katika miji ya pwani au nchi za theluji, na hilo linampa mjenzi wa Nairobi uhuru ambao asiuchezee: anaweza kuchagua nguvu kwanza bila kuogopa kwamba kutu itamshinda mapema.

Kinachokula bolti hapa ni maji yaliyokaa. Udongo mweusi wa Kitengela, Syokimau na Embakasi hunata chini ya gari, hukauka kwa nje, na huendelea kushika unyevu kwa ndani siku nyingi baada ya mvua kukatika. Mvua za masika huja kati ya Machi na Mei, vuli kati ya Oktoba na Desemba, na katikati yake kuna baridi ya Juni hadi Agosti yenye manyunyu na umande unaolowesha chuma kilicholala nje usiku. Kiungo kilichofungwa mahali ambapo matope hujikusanya, kwa mfano mwisho wa mkono wa chini wa gurudumu (fimbo ya sasipensheni inayolishika gurudumu) au pembe ya fremu nyuma ya tairi, kitashika kutu mapema kuliko kingine chochote kwenye gari hilohilo.

Kuna mambo matatu yanayovunja utulivu huu. La kwanza ni safari za pwani, kwa kuwa hewa ya bahari huleta chumvi ambayo hubaki kwenye nyuzi za bolti hata baada ya gari kurudi nyumbani. La pili ni Ziwa Magadi, ambalo Wanairobi wengi hulitembelea kwa siku moja. Vumbi lake ni magadi, nalo likichanganyika na maji hushambulia alumini na zinki, metali mbili ambazo mjenzi amezitegemea kumlinda. Gari lililotoka huko lioshwe kwa maji safi, chini kabisa, siku hiyohiyo. La tatu ni gari lililotolewa vipuri: magari mengi yanayoingia Kenya yametumika Japani, na yale yaliyoishi katika maeneo ya theluji ya huko huja na kutu iliyokwisha kuanza ndani ya bolti za sasipensheni.

Hatua ya kwanza: gawa viungo vyote kwa kazi zake

Kabla ya kwenda dukani, chukua daftari na uandike kila kiungo cha gari, kisha ukiweke katika moja ya makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la viungo ambavyo kikikatika kimoja, mtu anaweza kufa. Humo mna mikono ya magurudumu, usukani na safu yake, kalipa za breki, mikanda ya usalama na viti, bolti za magurudumu, na vifungo vya ekseli au difu. Kwa kundi hili kanuni yangu haina ubishi: tumia bolti ya daraja lililotajwa na mtengenezaji wa seti au wa gari la asili, kwa urefu uleule na nyuzi zilezile, na usiiondoe kwa sababu ya kutu peke yake isipokuwa unaweka nyingine ya daraja lilelile. Kutu ya viungo hivi hupigwa vita kwa mipako, nta na ukaguzi. Kubadilisha aina ya chuma ili kukimbia kutu hakufai hapa.

Kundi la pili ni la viungo vinavyobeba mzigo lakini vyenye akiba kubwa ya nguvu: vishikio vya rejeta, tangi la mafuta, betri, vibano vya mabomba na vishikilio vya ekzosi. Hapa chuma cha pua kinaruhusiwa ukikichagua kwa hesabu.

Kundi la tatu ni la bodi: matope-gadi, taa, paneli za alumini au za faiba, dashibodi, vioo na mapambo. Hapa chuma cha pua ndicho chaguo bora, kwa kuwa mzigo ni mdogo, bolti zinaonekana, na michirizi ya kutu kwenye rangi mpya huumiza moyo wa aliyeipaka.

Mjenzi asiyejua kiungo fulani kiko kundi gani akiweke katika kundi la kwanza.

Hatua ya pili: soma kichwa cha bolti

Bolti halali ya pembe sita yenye unene wa kuanzia milimita 5 huwa na alama mbili kichwani: daraja la nguvu na alama ya kiwanda. Kukosekana kwa alama ya kiwanda ni sababu ya kutosha kuirudisha juu ya kaunta.

Kwa bolti za chuma cha kawaida, alama kama 8.8 husomwa hivi: nambari ya kwanza ukiizidisha mara 100 hupata nguvu ya kukatika kwa megapaskali (kipimo cha nguvu kwa kila eneo), yaani 800, na nambari ya pili hukuambia kwamba bolti huanza kunyooka bila kurudi ikifika asilimia 80 ya nguvu hiyo, yaani 640. Daraja la 10.9 hukatika kwenye 1,000 na kunyooka kwenye 900. Daraja la 4.6, ambalo hujaa katika maduka ya vifaa vya ujenzi, hunyooka kwenye 240 tu, na halina kazi yoyote kwenye mkono wa gurudumu.

Bolti za chuma cha pua zina lugha nyingine. Herufi A2 na A4 hutaja aina ya chuma: A2 ni ile inayojulikana pia kama 304, na A4 ni 316, ambayo imeongezewa molibdenamu na hivyo kuvumilia chumvi zaidi. Nambari inayofuata hutaja nguvu: A2-70 hukatika kwenye megapaskali 700 na kunyooka kwenye 450, na A4-80 hukatika kwenye 800 na kunyooka kwenye 600. Ipo pia A2-50, laini kabisa, inayonyooka kwenye 210.

Sasa tazama hesabu inayosahauliwa na wengi. Bolti ya M10, yaani yenye kipenyo cha milimita 10, ikiwa na nyuzi za kawaida ina eneo la kubeba mzigo la milimita mraba 58. Ikiwa ni ya daraja la 8.8 itaanza kunyooka chini ya mvuto unaokaribia tani 3.8, ikiwa ni A2-70, tani 2.7, na ikiwa ni 4.6, tani 1.4. Aliyetoa 8.8 na kuweka A2-70 ili apate mng'ao amepoteza zaidi ya tani moja katika bolti moja, na macho hayawezi kuiona tofauti hiyo. A4-80 inakaribia 8.8 kwa karatasi, lakini ni nadra kuipata tayari dukani Nairobi. Hata ukiipata, chuma cha pua hunyooka polepole zaidi na msuguano wa nyuzi zake hautabiriki, kwa hiyo nguvu ya mbano uliyodhani umeiweka inaweza kuwa pungufu sana.

Bolti za gari la Kijapani, ambazo mjenzi wa Nairobi atakutana nazo kila siku, mara nyingi huwa na nambari moja tu kichwani, kama 4, 7 au 9. Nambari 7 ina maana ya nguvu ya kukatika ya takriban kilogramu 70 kwa kila milimita mraba, ambayo ni karibu megapaskali 690. Usiitafsiri kama 8.8 moja kwa moja, lakini ukiibadilisha kwa 8.8 hutakuwa umepunguza nguvu. Ukiibadilisha kwa bolti isiyo na alama utakuwa umeingia gizani.

Hatua ya tatu: chagua mpako

Kwa kundi la kwanza na sehemu kubwa ya kundi la pili, swali la kutu hujibiwa na mpako, na mipako haifanani hata kidogo.

Bolti nyeusi, hasa zile za kichwa cha mviringo zenye tundu la funguo ya pembe sita, kwa kawaida ni za daraja la 12.9. Weusi ule ni rangi ya oksidi na mafuta. Hauzuii kutu kwa maana yoyote ya kutegemewa chini ya gari. Bolti hizo zina nguvu nyingi na huvutia macho, ndiyo maana wajenzi huzipenda, lakini mahali palipo wazi kwa mvua sizipendekezi.

Zinki iliyopakwa kwa umeme ndiyo inayopatikana kila duka, ikiwa na rangi ya fedha yenye ubuluu au ya manjano. Unene wake kwa kawaida ni kati ya mikroni 5 na 12, na hulinda kwa kujitoa kafara: zinki huliwa kwanza, chuma kikabaki salama. Ukiona unga mweupe kwenye bolti, zinki inafanya kazi yake. Ukiona wekundu, imekwisha. Kwa Nairobi, ndani ya gari na mahali pasipopigwa na matope, mpako huu unatosha kwa miaka mingi.

Zinki ya kuchovya kwenye birika la zinki iliyoyeyuka ni nene zaidi, takriban mikroni 45 au hata zaidi, na ndiyo hutumika kwenye nguzo na madaraja. Kwenye gari huleta taabu, kwa kuwa unene huo hujaza nyuzi na nati yake lazima iwe imekatwa kwa nafasi kubwa kuliko kawaida. Usichanganye bolti ya kuchovya na nati ya kawaida.

Mpako ninaoupendelea kwa viungo vya chini ya gari ni ule wa chembe bapa za zinki na alumini zilizochanganywa na gundi maalumu na kuokwa juu ya bolti. Una rangi ya kijivu hafifu isiyong'aa. Katika jaribio la mvuke wa chumvi la kiwango cha kimataifa cha ISO 9227, ambalo hunyunyiza maji yenye asilimia 5 ya chumvi kwa joto la nyuzi 35, mpako wa namna hii hustahimili mamia ya saa zaidi kuliko zinki ya kawaida ya umeme. Saa hizo haziwezi kugeuzwa kuwa miaka ya barabarani, lakini zinafaa kulinganisha mpako na mpako. Faida yake ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza, nayo inahitaji maelezo.

Chuma kigumu sana kinapowekwa kwenye asidi au kwenye birika la umeme, haidrojeni hupenya ndani yake na kukifanya kivunjike ghafla, mara nyingi saa au siku kadhaa baada ya bolti kukazwa, bila onyo lolote. Hatari hii ni ndogo kwa 8.8, huanza kuwa ya kweli kwa 10.9, na ni kubwa kwa 12.9. Kiwanda kinachojua kazi yake huoka bolti ngumu kwa joto la nyuzi 190 hadi 220 kwa saa kadhaa mara tu zinapotoka kwenye birika. Kwa hiyo usipeleke kamwe bolti za 10.9 au 12.9 kwa fundi wa kupaka zinki au kromu wa mtaani ambaye hana tanuri wala kumbukumbu ya kuoka, na usisafishe bolti kuukuu za sasipensheni kwa asidi ya betri au siki. Mazoea hayo ya gereji yameenea, na ningependa yakome. Kutu ya juu iondolewe kwa brashi ya waya, na bolti iliyoliwa hadi ikawa na vishimo itupwe. Mpako wa chembe za zinki hautumii umeme, ndiyo maana unafaa zaidi kwa bolti ngumu.

Hatua ya nne: tazama metali zinazogusana

Metali mbili tofauti zikigusana na kukawa na maji yenye chumvi au uchafu kati yake, mkondo mdogo wa umeme hupita, na ile iliyo dhaifu zaidi huliwa. Katika gari la kujiundia lenye paneli za alumini juu ya fremu ya chuma, jambo hili hutokea kila sentimita chache.

Ukubwa wa maeneo ndio unaoamua. Bolti ndogo ya chuma cha pua kwenye paneli kubwa ya alumini inavumilika, kwa sababu madhara husambaa kwenye eneo kubwa, ingawa alumini iliyo chini ya kichwa cha bolti itaanza kutoa unga mweupe usipoitenga. Kinyume chake ni kibaya: riveti ya alumini kwenye bamba la chuma cha pua italiwa haraka, na bolti ya zinki kwenye bracketi ya chuma cha pua itapoteza mpako wake mapema. Faiba ya kaboni ni mbaya zaidi kwa alumini na chuma chenye zinki. Hapo tumia chuma cha pua au titani pekee.

Tenga metali kwa washa ya nailoni, kwa rangi kamili pande zote mbili, na kwa kupaka silanti ya polyurethani kati ya paneli na fremu kabla ya kupiga riveti. Silanti hiyo huzuia pia mtetemo na maji. Kwa bolti inayoingia moja kwa moja kwenye alumini, paka pasta ya kuzuia kuliana kwa metali. Epuka grisi yenye shaba mahali penye alumini, kwa kuwa shaba ni miongoni mwa metali zinazoiharibu.

Riveti zina mtego wao. Riveti nyingi za bei nafuu zina mwili wa alumini na msumari wa chuma. Kipande cha msumari kinachobaki ndani hushika kutu na kutiririsha wekundu juu ya paneli. Omba riveti zenye mwili na msumari wa alumini, au zile zilizofungwa upande wa nyuma. Milimita 4.0 na 4.8 ndizo zinazotosha kazi nyingi za paneli.

Hatua ya tano: kununua

Kirinyaga Road, ambayo wengi bado huiita Grogan, ina maduka yenye bolti za magari ya Kijapani kwa wingi, na maduka makubwa ya Industrial Area huuza kwa boksi, ambapo karatasi ya boksi hutaja daraja na kiwango. Kwa kundi la kwanza nunua kutoka boksi lililofungwa. Chombo kilichomwagwa bolti mchanganyiko hakifai kwa usukani, hata kama bolti zenyewe zinaonekana mpya.

Nenda na nati ya gari lako mfukoni, kwa sababu nyuzi ndizo zinazowakwaza watu. Bolti ya M10 inayouzwa kwa kawaida ina hatua (umbali kati ya uzi mmoja na unaofuata) ya milimita 1.5, wakati magari ya Kijapani hutumia sana M10 yenye hatua ya 1.25, na M12 ya kawaida ni 1.75, wakati ya Kijapani mara nyingi ni 1.25 au 1.5. Bolti za magurudumu za Toyota mara nyingi ni M12 yenye hatua ya 1.5, na za Nissan mara nyingi ni M12 yenye 1.25. Ukiweka nati isiyolingana, itaingia mizunguko miwili kwa vidole kisha itakwama. Hapo ndipo spana hutumiwa kulazimisha, nyuzi hukatwa, na bolti hubaki ikionekana imekazwa ilhali haishiki kitu. Nati sahihi huingia kwa vidole hadi mwisho. Mikanda ya usalama ina nyuzi zake za inchi, 7/16 yenye nyuzi 20 kwa inchi; baki na bolti zilezile za mikanda, wala usitoboe upya ili uingize M12.

Usiamini sumaku kuthibitisha chuma cha pua. A2 na A4 zinaweza kuvutwa kidogo kwa sababu ya kupigwa umbo kiwandani bila kupashwa moto, kwa hiyo mvuto hafifu hauthibitishi wala haukanushi. Jaribio bora ni kununua moja kwanza, kuikwaruza kichwa kwa tupa hadi upite uso wa juu, na kuizungushia kitambaa kilicholoweshwa maji ya chumvi kwa siku chache. Chuma kilichopakwa tu kitatoa kutu nyekundu kwenye mkwaruzo.

Nati ilingane na bolti: nati ya daraja la 8 kwa 8.8, ya 10 kwa 10.9, na ya A2 kwa A2. Washa nayo iwe ya metali ileile na ngumu ya kutosha. Washa laini ya mabati chini ya bolti ya 8.8 hubonyea na kulegeza kiungo.

Hatua ya sita: kufunga

Chuma cha pua kina tabia ya kujilia: nyuzi hushikana ghafla na nati haisogei mbele wala nyuma mpaka bolti ikatwe. Huzuiwa kwa kupaka pasta ya kuzuia kushikana kabla ya kuanza, kukaza polepole kwa mkono, na kuacha mashine ya kukazia mbali. Nyuzi chafu za mchanga huharakisha balaa hili, kwa hiyo zisafishe kwanza.

Torki ya kukaza, yaani nguvu ya kuzungusha spana, haiwezi kuwa moja kwa bolti zote. Kwa 8.8 yenye zinki na mafuta kidogo, takriban nyutoni-mita 10 kwa M6, 25 kwa M8, 50 kwa M10 na 85 kwa M12 zenye nyuzi za kawaida ni makadirio ya kuanzia, lakini takwimu ya mtengenezaji ndiyo yenye neno la mwisho. A2-70 hukazwa karibu thuluthi moja chini ya hapo. Nyuzi zilizopakwa pasta huteleza, na torki ileile huzaa mbano mkubwa zaidi. Aliyepaka na kukaza kama vile hajapaka anaweza kuinyoosha bolti bila kujua.

Rangi ya unga, ile inayopulizwa ikiwa kavu na kuokwa, ni nzuri kwa fremu, lakini haipaswi kubaki nene chini ya kichwa cha bolti inayobeba mzigo. Rangi hubonyea na kutiririka baada ya muda, mbano hupungua, na bolti huanza kucheza. Iondoe kwenye nyuso zinazobanwa za kundi la kwanza, funga kwa torki kamili, kisha ufunike kiungo chote kwa nta ya kuzuia kutu. Mahali pa kuunga waya wa ardhi wa betri fanya vivyo hivyo: chuma kitupu kwanza, kaza, halafu grisi juu.

Bolti ya mkono wa gurudumu iwe na sehemu laini isiyo na nyuzi inayopita kwenye mstari wa kukatwa, yaani pale bushi na bracketi zinapokutana. Nyuzi zikikaa hapo, bolti hudhoofika na maji hupata njia ya kuingia. Kwa kuzuia kulegea, nati za nailoni zinafaa sasipensheni na bodi. Hata hivyo, nailoni huanza kulegea joto likizidi takriban nyuzi 120, kwa hiyo karibu na ekzosi tumia nati za chuma kitupu zilizobanwa au zile zenye mpako wa shaba. Zinki nayo haina msaada kwenye manifoldi, kwa kuwa huyeyuka kwenye joto la nyuzi 420 hivi. Washa ya springi iliyokatwa haisaidii kitu kwenye bolti iliyokazwa sawasawa. Gundi ya nyuzi hufanya kazi vizuri kwenye chuma cha kawaida, lakini kwenye chuma cha pua hukauka polepole na huhitaji kichochezi chake.

Kwenye bodi ya faiba, tumia M6 ya A2 na washa pana pande zote mbili, na ukaze hadi paneli itulie tu. Faiba huendelea kubonyea chini ya bolti iliyokazwa kupita kiasi, na nyufa hutokea kwenye rangi kabla ya mwaka kwisha.

Hatua ya saba: matunzo

Kila bolti ya kundi la kwanza ipigwe mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye bracketi, ili kusogea kokote kuonekane kwa macho bila spana. Baada ya kilomita 100 hadi 200 za mwanzo, rudia torki zote. Bushi na nyuso mpya huwa zimekaa. Nati ya nailoni iliyofunguliwa hubadilishwa kwa mpya, nayo ni ya bei ndogo mno kwa mtu kuihurumia.

Mwishoni mwa masika, gari liinuliwe, lioshwe chini kwa maji safi na likauke kwa siku nzima kabla ya kukaguliwa. Tazama kwanza mashimo ya kutolea maji kwenye mabomba ya fremu, kwa kuwa udongo huyaziba na maji hubaki ndani yakiloweka bolti kwa upande usioonekana. Kisha fuata michirizi: mchirizi mwekundu unaotoka chini ya kichwa cha bolti una maana kwamba kutu iko kwenye shingo, ndani ya kiungo, hata kama kichwa bado ni cheupe. Bolti hiyo itolewe na kutazamwa. Ikiwa ni ya mkono wa gurudumu, ya usukani au ya breki na shingo yake ina vishimo, weka mpya ya daraja lilelile yenye mpako wa chembe za zinki, paka nta upya, na uandike tarehe na mahali pake katika daftari lilelile la hatua ya kwanza. Kiungo kitakachojitokeza mara mbili katika daftari hilo kinahitaji shimo la kutolea maji au kinga ya matope mbele yake, kwa kuwa bolti ya tatu pia italiwa vivyo hivyo.